Siku Niliyojishona na Mfuniko wa Kikapu

Mkasa huu nimeuficha miaka, na ningeendelea kuuficha kama Mama Hamisi asingekuwa anausimulia kila anapopata watu wawili wa kumsikiliza, tena anaongeza chumvi, anasema nilianguka (sikuanguka, niliyumba tu). Sasa naona bora niwaambie mwenyewe, mnicheke mara moja yaishe. Aibu ni yangu, na kwa kweli sehemu ya kuchekesha siyo iliyoniuma.

Mimi ni mtu wa Ujiji, nimeolewa Kibondo, nauza vitenge pale sokoni. Mume wangu, Baba Amina, ni fundi wa kujenga, na kwao ni Murungu. Wakwe zangu ni Waha wakulima, watu wapole wasio na maneno mengi, ila ukoo wao una desturi moja iliyonitesa tangu naolewa: binti wa nyumba ile akiolewa, kila mke wa kaka yake anampa kikapu cha mfuniko alichokisuka kwa mkono wake mwenyewe, kimejaa unga wa ulezi, aende nacho kwake. Heshima iko kwenye kusuka, unga ni wa kujazia tu. Sasa mimi kusuka nilikuwa sijui, na sikutaka kusema sijui, kwa hiyo wifi yangu wa kwanza alipoolewa nilinunua kikapu sokoni nikanyamaza. Mama Hamisi, ambaye ni mke wa shemeji yangu mkubwa, akakigeuza mara moja tu, akasema mbele za watu, "Hii ni kazi ya yule mama wa Kifura, mishono yake naijua." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Basi mwaka 2013 wifi yangu wa mwisho, Mariamu, akapata mchumba wa Kakonko (na watu wa Kakonko mwaka ule walikuwa wametoka kupata wilaya yao, huwaambii kitu). Nikaapa kwamba safari hii nitasuka mwenyewe, Mama Hamisi akose la kusema. Shule zilikuwa zimefungwa mwezi wa sita, watoto wako nyumbani wanazurura, nikamwomba jirani yangu Mama Jeni, ambaye anasuka vikapu tangu akiwa mtoto, aje barazani kwangu kila jioni nikishafunga biashara, anifundishe mimi pamoja na binti zangu wawili, Amina aliyekuwa na miaka kumi na miwili na Tatu aliyekuwa na tisa.

Kazi yenyewe ukiitazama unasema nyepesi. Unashika kitita cha nyasi, unakizungushia uzi (sisi tulifumua viroba vya mbolea tukapata nyuzi), unachoma sindano ya gunia kwenye mzunguko wa chini, unavuta, unaendelea hivyo mzunguko juu ya mzunguko mpaka kikapu kinapanda. Amina alisuka siku tatu akachoka, akarudi kwenye redio yake. Mimi niliendelea kwa ubishi tu, vidole vimejaa matundu. Aliyekamatwa na ile kazi ni Tatu, na Tatu anatumia mkono wa kushoto.

Hapa lazima niseme ukweli. Mkono ule ulikuwa umetuletea maneno. Bibi yake wa Murungu hakumpiga hata siku moja, lakini kila tukienda kule alikuwa akimwambia, "Mjukuu wangu, huo si mkono wa kumpa mtu kitu," na sikukuu moja watoto wenzake walipotumwa kupeleka vyakula kwa wageni, yeye aliambiwa akae tu. Alikaa nyuma ya nyumba, peke yake, mikono yote miwili ameikalia. Na mimi mama yake sikuwa nafuu, maana hata pale barazani siku ya kwanza nilimwambia, "Shika sindano kwa kulia, Tatu, kazi haiendi hivyo." Mama Jeni ndiye aliyenikataza. Alimtoa mtoto ubavuni pake akamkalisha mbele yake, uso kwa uso, ili amfuate kama anajitazama kwenye kioo, na tangu hapo Tatu hakushikika. Mwezi ulipokaribia kuisha alikuwa na kikapu kimekaa wima, mistari ya zambarau na nyeupe imefuatana bila kuruka, na mfuniko unafunga wenyewe ukiuweka. Changu kilikuwa kimelala upande, na mfuniko wake ungeweza kufunika sufuria ya pilau.

Asubuhi ya safari nilivitazama vile vikapu viwili, nikaiwaza sura ya Mama Hamisi, roho ikaingiwa na tamaa. Nikamwita Tatu nikamwambia, "Mwanangu, naomba tumpelekee shangazi kikapu chako. Si ni cha nyumba yetu?"

Akauliza, "Utamwambia bibi kwamba nimesuka mimi?"

"Nitamwambia."

"Na utamwambia kwamba ni kwa mkono huu?"

Nikamwambia ndiyo, nitamwambia. Akaenda kukileta mwenyewe, akakifuta kwa kanga, akaniangalia nikikijaza unga. Njia nzima ya Murungu alikaa mbele yangu kwenye bodaboda, kikapu amekipakata, na kila tukifika penye mashimo anamwambia dereva apunguze. Nilijua anachokingoja. Alitaka bibi yake asikie tu, basi.

Tulifika kuna wanawake wamejaa uani, wengine jikoni, wengine mkekani. Mama mkwe akanipokea vizuri, akakipokea kikapu kwa mikono miwili, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye mistari. Uso wake ukafunguka. Akauliza, "Mkwe wangu, hiki nani amekisuka?"

Nataka mnielewe kwamba nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme Tatu. Jina liko ulimini. Ila nyuma ya bega la mama mkwe nikamwona Mama Hamisi ananyoosha shingo, ana kale kacheko kake, na mdomo wangu ukasema, "Mimi, mama."

Neno moja. Vigelegele vikapigwa, nikakumbatiwa, nikaambiwa njoo ukae huku mkekani pa wakubwa, na nilipogeuka kumtafuta Tatu nikamwona amesimama pale mlangoni, hajalia, hajanuna, ananitazama tu kama mtu aliyeitwa halafu akaambiwa hapana, si wewe. Nikajisemea nitarekebisha baadaye, watu wakipungua. Nikakaa.

Sasa kulikuwa na shangazi wa mume wangu, mzee sana, amesuka vikapu mpaka mgongo umepinda. Akakichukua kile kikapu, akakigeuza kitako, akakizungusha taratibu, akasema kwa Kiswahili ili nami nisikose (Kiha nakielewa, hasa kikiwa cha kunisema, ila alitaka kuhakikisha), "Huyu aliyesuka ni mtu wa kushoto. Mzunguko unakwenda kinyume na wetu."

Wanawake wote wakainama kutazama, wakalinganisha na vikapu vingine, na ni kweli, vile vyote vinakwenda huku na hiki kinakwenda kule. Siku zote barazani na sindano yangu sikuwahi kuliona hilo. Mama Hamisi akasema polepole, "Mbona wewe unakula kwa kulia?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, jamani, mpana kabisa. Mimi nikasema, "Kula nakula kwa kulia. Kazi za mikono ndiyo natumia kushoto."

"Ahaa," akasema shangazi, akafurahi kweli. "Basi tusaidie, binti yangu. Mfuniko wa kikapu cha mama yake bibi harusi bado mizunguko miwili, na macho yangu leo hayaoni." Nikawekewa mapajani mfuniko, nyasi, uzi na sindano ya gunia, na wanawake kama kumi na watano wakakaa wanione ninavyofanya kwa kushoto.

Mimi kwa kulia kwenyewe ni wa kubabaisha. Kwa kushoto nilikuwa sijui hata sindano inaelekea wapi. Nikachoma, nikavuta, nikachoma tena, jasho linanitoka, nikitabasamu. Katikati ya mateso hayo mama mkwe akanijia na kikombe cha chai ili nipumzike, na mimi kichwani nina neno moja tu, kushoto, kushoto, nikanyoosha mkono wa kushoto nikakipokea kikombe kutoka kwa mama aliyemzaa mume wangu. Mtu mmoja akakohoa. Mama mkwe alikiachia kile kikombe pole pole, akanitazama, akarudi jikoni.

Nikaona bora nifiche uso kwenye kazi, nikashona kwa bidii, na safari hii sindano ikawa inapita vizuri, inateleza, mpaka nikaanza kujisifu moyoni. Mara wakapiga hodi wakwe wapya kutoka Kakonko, wazee wamevaa makoti, na kila aliyekaa mkekani akainuka kuwalaki. Na mimi nikainuka. Mfuniko ukainuka na mimi. Kumbe ile kuteleza ilikuwa ni dera langu, nimelishona pamoja na mfuniko mishono mingi, na dera limevutwa mpaka magotini upande mmoja, mfuniko unaning'inia pajani, sindano inabembea kwenye uzi. Nikayumba. Mzee mmoja wa Kakonko aliyekuwa ameshanyoosha mkono anisalimie akaurudisha, akatazama mlimani kana kwamba kuna mtu anamwita kule. Mama Hamisi alikaa chini kabisa akacheka mpaka machozi.

Hakuna aliyenisogelea ila Tatu. Alikuja na wembe aliouchukua kwa wasichana waliokuwa wanamtengeneza bibi harusi, akapiga magoti mbele yangu, akaanza kukata uzi mmoja mmoja bila kuharibu mfuniko wala dera, kwa mkono wa kushoto, upesi, kama ninavyomwona barazani kila siku. Watu walikuwa wanacheka, halafu wakaacha kucheka, wakamtazama. Mama mkwe alikuwa ametoka jikoni. Akauliza, "Tatu, kile kikapu nani alikisuka?"

Tatu hakuinua kichwa. Akasema, "Mama."

Hapo ndipo niliposhindwa. Cheko la Mama Hamisi ningelibeba, hata mzee wa Kakonko ningembeba. Lakini mtoto niliyempora kitu chake, yuko magotini ananikatia uzi, tena anadanganya kwa ajili yangu. Nikasema kwa sauti, na wageni wakiwa pale pale, "Nimewadanganya, mama. Kikapu ni cha Tatu. Amekisuka mwanzo mpaka mwisho, kwa mkono huo huo. Aliniomba nikwambie nikamwahidi, halafu nikaona aibu kwa watu nikajipa mimi."

Wageni wakakaribishwa ndani, na mama mkwe akakaa mkekani, akauchukua ule mfuniko, akatoa mishono yangu yote (ilitoka kirahisi, hata hiyo ilikuwa aibu), akamwita mjukuu wake akae mbele yake. "Malizia," akamwambia.

Tatu akapokea sindano. Akanitazama mimi, akamtazama bibi yake, akaihamishia mkono wa kulia. Akachoma, ikaenda pembeni. Akachoma tena, ikamchoma kidole. Mama mkwe akamshika mkono, akaitoa sindano kule kulia, akaiweka kushoto, akavifumba vile vidole vidogo juu yake kwa mikono yake miwili. Akasema, "Kama unavyofanya kwenu." Kisha akakaa akamtazama mpaka mizunguko yote miwili ilipokwisha, na chakula kilipoiva alimwita Tatu apeleke sinia la kwanza kwa wageni, na hakumwambia ashike wapi.

Tulipokuwa tunarudi Kibondo nilijiona nimesafika. Nilishakiri, mtoto kasifiwa, bibi kafurahi. Nikainama kwenye bodaboda nikamwambia sikioni, "Umeona, nimemwambia bibi kama nilivyokuahidi."

Akasema, "Ulimwambia baada ya mimi kukusitiri."

Hakusema kwa hasira. Tatu sasa ni mkubwa na anasuka kuliko Mama Jeni, na mimi nimebaki na nadhiri moja ninayoishika kuliko kitu chochote: mtu akisifu kitu nyumbani kwangu, hata uji, namtaja aliyekifanya kabla sijaulizwa. Wageni wengine wananiona nina kiherehere. Waache wanione hivyo. Mwanangu akiwa ndani akanisikia, inanitosha.