Niliwakaribisha waombolezaji wa baba kama watalii

Ujumbe huu tumeupokea kutoka kwa dada mmoja. Jina lake tunabaki nalo sisi. Msomeni mpaka mwisho kabla hamjamrukia.

Admin, kama ni mkubwa wangu shikamoo, kama ni mdogo mwenzangu mambo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, Mfipa wa upande wa Msanzi, sijaolewa na sina mtoto. Nafanya kazi kwenye kiwanja kidogo cha ndege, kwenye kisiwa ambacho watu huenda kupumzika. Sasa imepatikana nafasi ya kuhamia kiwanja cha Sumbawanga, karibu na kwetu, na bosi anataka jibu kabla ya mwezi kuisha. Mtaniuliza, si uruke tu kwa furaha? Ngojeni kwanza.

Kiwanja chetu ni jengo moja, feni mbili na mizani. Ndege zenyewe ni ndogo, kwa hiyo tunapima mizigo na abiria pia, na hapo ndipo nilipojua kwamba wanawake wa dunia nzima hawapendi kupanda mizani mbele za watu. Wageni wakishuka nasema, "Karibuni sana, poleni na safari." Wakiondoka nasema, "Safari njema, karibu tena." Siku ya kwanza kabisa bosi alitwambia kwamba hata ukifiwa, mgeni asijue.

Miaka saba nimesimama pale. Watu wanakumbatiana mbele yangu, wanalia, wanapigana busu, watoto wanawarukia baba zao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushuka akiwa amekuja kwangu. Silaumu mtu, kutoka Ufipa mpaka kule si mchezo. Lakini upweke ule ni mbaya, maana unakupata katikati ya watu. Jioni narudi chumbani, nampigia mama, ananiambia baridi imeshika. Kifipa nakiongea kwenye simu ile tu. Siku nyingine nikishakata naendelea kukiongea peke yangu huku naosha vyombo, ili kisinitoke.

Mwaka huu baba akafariki. Nilipanda ndege mpaka Dar, nikaunga basi, na nilipofika walikuwa wameshazika.

Sasa kwetu, ukija kwenye msiba wa mzazi wako unaanza kulia ukiwa bado njiani, sauti itangulie, waliokaa uani wajue mtoto wa marehemu amefika. Ukiingia unachuchumaa mbele ya wakubwa, unapiga makofi taratibu. Haya nayajua tangu utoto, hakuna wa kunifundisha. Lakini nilipokunja kona ya shamba la mahindi nikaona akina mama wamejipanga kwenye mikeka, wote wananitazama, mwili ukafanya ulichokizoea. Nikasimama wima, nikaweka mkono kifuani, nikatabasamu mpaka magego yakaonekana. Nikasema, "Karibuni sana, poleni na safari."

Akina mama wakageukiana.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyejibu. "We mwana, mgeni hapa ni nani?"

Nilichuchumaa haraka, nikapiga makofi, ila nilikuwa nimeshaharibu. Na machozi yakagoma kabisa. Nilikaa kwenye mkeka na macho makavu huku nasikia wakinong'ona kwamba nimezoea wazungu, baba kwangu ni abiria tu. Wallahi nilimpenda baba yangu. Ndiye aliyenibeba mgongoni kunipeleka zahanati nilipokuwa na surua.

Kilichoniumiza zaidi kilikuja baada ya matanga. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikaa zaidi ya wiki, jembe sikuliona. Asubuhi wote wanakwenda kuvuna, naachiwa kiti na redio. Nikishika ndoo, mtoto wa kaka ananipokonya. Nikisogelea jiko nisonge ugali wa ulezi, shangazi anacheka, "Acha, mikono hiyo ya kupokea wazungu itababuka." Na mama, mama yangu mzazi, akanipakulia chakula kwenye sahani ya maua. Sahani hiyo tangu nikiwa mdogo hukaa kabatini ikisubiri siku padri anapokuja. Nilipokuwa mtoto nilichapwa kwa kuigusa.

Nikamwambia, "Mama, nipe bakuli langu la siku zote."

Akasema, "Kula, mama. Umetoka mbali."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana nashindwa hata kumkasirikia.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka stendi ya Sumbawanga, kajifunga kitenge kipya. Nilitaka aseme usiende, au aniulize narudi lini, au anigombeze tu. Basi likawaka. Mama akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kwa upole, tena kwa Kiswahili, "Safari njema, mwanangu. Karibu tena."

Maneno yangu yale yale. Kilio nilichotakiwa kulia njiani kwetu kikanitoka ndani ya basi. Mzee wa siti ya pembeni akaniuliza, "Binti, umefiwa?" Nikajifuta, nikatabasamu, nikamwambia niko salama.

Ndugu zangu, kisiwani mimi ni mtu wa kuja, sijawahi kujidanganya. Nyumbani nako nimeshawekwa kwenye sahani ya padri. Mama sasa yuko peke yake na baridi ile, na mimi naogopa kuhamia karibu naye halafu kila Jumapili nikienda nivutiwe kiti. Wangenitukana ningejua pa kuanzia, ila hawa wananiheshimu.

Nishaurini, nikubali uhamisho au nibaki? Na kama kuna aliyewahi kuwa mgeni kwao, aniambie, alifanya nini mpaka wakampa jembe?