Nusu ya Tembe la Mama

Niliibomoa nyumba ya mama yangu. Si yote, nusu. Niliibomoa mchana kweupe kwa sululu ya serikali, na jioni nyapara aliponiletea daftari la mahudhurio nikaweka dole gumba, mimi ambaye darasa la tatu nililoishia lilinitosha kabisa kuandika jina langu, tena kwa mwandiko wa kujivunia. Niliona dole halina jina. Haya, nimeshasema. Anayetaka kuacha kusoma aache hapa. Anayebaki nitamweleza ilivyokuwa, maana kuna wengine nataka waone aibu pamoja nami, nisibaki nayo peke yangu kama mtu aliyejamba kanisani.

Mji wetu ulikuwa mji kwa sababu Mwingereza alisema ni mji. Kabla ya hapo palikuwa na maduka manne ya bati, mnada wa ng'ombe na njia ya kwenda Ilongero, basi. Siku moja Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita mzungu mkuu wa wilaya, akaja kutoka Singida, akaita baraza, akatangaza kwamba kuanzia sasa hapa ni mji mdogo. Mji una mpaka, akasema, na ndani ya mpaka kuna amri. Ng'ombe hawakai mjini. Mtama haulimwi mjini, kwa sababu unaficha mbu. Nyumba ya tembe haikaliwi mjini, kwa sababu paa lake la udongo linafuga panya. Lakini mji una faida zake pia, kwa walio ndani ya mpaka: pampu ya maji, zahanati, soko lenye paa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawaka moto, maana nilikuwa nimeshaahidiwa kibarua.

Kibarua chenyewe kilikuwa chokaa. Pampu ilifanya kazi mwezi mmoja na kidogo, ikaharibika, ikakaa bila fundi mpaka mvua zikarudi. Zahanati ilikuwa na dawa ya macho na dawa ya vidonda. Ukienda unaumwa tumbo unarudi nyumbani na tumbo lako, ila macho safi. Lakini chokaa haikukosekana hata siku moja. Tulipaka mawe ya mpaka, mawe ya barabara, mawe ya kuzunguka bendera, na miti tuliipaka mpaka kiunoni kama tunaivalisha suruali. Wanawake walipita na vibuyu vyao kwenda kufukua maji kwenye mchanga wa korongo, wakapita katikati ya mawe yangu meupe, na mimi nimesimama pale na brashi najiona mtu wa serikali. Nikikumbuka nataka kumrudia yule kijana nimpige kofi.

Mpaka tuliupima watu watatu: mimi, rafiki yangu ambaye tulikuwa vibarua pamoja, na karani wa mji. Karani alikuwa kijana wa mbali, amesoma, viatu vinang'aa, na kazi yake siku ile ilikuwa kukaa kivulini na karatasi. Rafiki yangu alishika ncha ya kamba kwenye jiwe lililokwisha kuwekwa, mimi naivuta mbele kulenga mwamba mkubwa tulioonyeshwa kule mbali, kamba ikiisha naikaza, nasema tayari, tunaweka jiwe jingine. Mawe sita yalikwenda vizuri. Jiwe la saba lilitakiwa liangukie katikati ya kichaka cha miiba, ile miiba iliyojikunja kama ndoana, ikikushika haikuachii bila kulipwa ngozi. Shati nilikuwa nalo moja. Nikakizunguka kichaka kwa upande wa nje, hatua kama ishirini hivi, nikaikaza kamba, nikasema tayari. Karani akaandika. Tukaweka jiwe, tukalijengea saruji, nikalipaka chokaa mara mbili. Lilipendeza kuliko yote.

Hatua zile ishirini zilikwenda upande wa tembe la mama. Sikuona. Yaani tembe nililiona, nimezaliwa humo, lakini sikufikiri. Siku hiyo hiyo kwenye pombe nikasimulia nilivyoikwepa miiba ya serikali, watu wakacheka, nikasimulia tena tangu mwanzo.

Tembe la kwetu ni nyumba ndefu ya nguzo na udongo, paa lake bapa, unaweza kuanika mtama juu. Watu na ng'ombe wanalala chini ya paa moja kwa kuogopa fisi, ukuta katikati. Upande wa ng'ombe ulielekea madukani, upande wetu ulielekea shambani. Baba ndiye aliyelijenga, na alipolijenga mji haukuwepo. Alikufa bila kujua kwamba amejenga vibaya. Mama akabaki nalo, yeye na ng'ombe wanne.

Baada ya wiki chache karani akaja tena na kamba yake, akataka ivutwe kutoka jiwe la saba mpaka la nane. Ikapita juu ya paa la mama, sawasawa na ule ukuta wa katikati. Kuku waliokuwa juu wakawa wanairuka. Karani alifurahi, alipenda vitu vikikaa sawa.

"Shikamoo mama," akasema, maana adabu alikuwa nayo. "Hawa ng'ombe wako wamo mjini. Wewe mwenyewe uko nje."

"Marahaba," mama akamjibu. "Wao wanajua?"

Akapewa mwezi mmoja awaondoe. Nikamfuata karani njiani, nikamwambia ukweli wote: miiba, shati, hatua ishirini. Nilidhani atanikaripia kisha tutahamisha jiwe, yaishe. Hakunikaripia. Alisema ramani imeshachorwa kwa kufuata mawe, na jiwe lilipo ndipo mpaka ulipo. Nikamwambia, lakini jiwe nililiweka mimi.

"Hapana," akasema. "Liliwekwa na serikali."

Mimi, na suruali yangu yenye viraka viwili nyuma, nilikuwa serikali kwa siku moja tu, na ni siku ile niliyokosea. Siku nilipotaka kusahihisha nikawa kibarua tena. Na msidhani mji ule haukuwa na ng'ombe. Alikuwepo mmoja, nyuma ya nyumba ya wageni, ananenepa kwa majani tuliyomkatia sisi, kwa ajili ya maziwa ya chai ya Bwana Shauri anapokuja. Yule alikuwa na kibali.

Mama alifikiri siku mbili, kisha akaniita. Aliongea Kinyaturu, polepole, kama anavyoongea akiwa ameshaamua. Aliuliza amri inasemaje hasa. Nikamwambia, inasema ng'ombe wasikae mjini.

"Basi sisi ndio tutakaa mjini," akasema. "Wao wahamie kwetu."

Tulihamisha asubuhi ile ile. Ng'ombe tukawapitisha kwenye upande wa watu, mama akafagia upande wao, akapaka udongo mpya, akaweka kitanda chake, vyungu vyake na kinu. Kamba ya karani haikuwa na la kusema. Ng'ombe wako nje ya mji, mwanamke yuko ndani ya mji, kila mtu mahali pake. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sasa niulizeni karani alijuaje upesi hivyo. Mimi. Nilisimulia kwenye pombe. Nilisimulia mama yangu alivyoishinda serikali bila kutoka nyumbani kwake, nikaigiza mpaka sauti ya ng'ombe anayeaga, na watu walicheka mpaka nje ya kilabu. Karani hakunywa pombe, lakini masikio yake yalikunywa.

Siku ya tatu ikaja karatasi. Ilisema banda la ng'ombe tupu lingeweza kuachwa kama banda. Lakini humo sasa analala mtu, kwa hiyo ni nyumba, na nyumba ya tembe ndani ya mpaka wa mji haikaliwi. Sehemu iliyo ndani ya mji ibomolewe. Mama akasema basi atatoka, atalala na ng'ombe upande wa nje, hiyo nusu ibaki tupu kama wanavyotaka. Karani akasema agizo limeshakwenda Singida, na karatasi ikishakwenda hairudi. Nilitamani kumvua vile viatu vyake nimpeleke kwenye kichaka changu cha miiba, akatafute mpaka wa kweli kwa nyayo zake.

Likabaki baraza. Bwana Shauri alikuwa anakuja, na kwenye baraza kila mtu ana ruhusa ya kusimama aseme shida yake. Mama akaniambia niende nikamsemee, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua Kiswahili cha ofisini na mimi ndiye niliyekosea. Aliniambia niseme mambo matatu tu: jiwe limekosewa, aliyelikosea ni mimi, lirudishwe. Nilijifunza maneno hayo siku tatu huku napaka mawe.

Siku yenyewe nikasimama, nikavua kofia. Nikaona nyuso zote zile zimenigeukia, na tayari zimeanza kutabasamu, maana wananijua. Basi mdomo wangu ukaenda ulikozoea. Nikaanza na shati. Nikaonyesha nilivyokizunguka kichaka kwa vidole vya miguu. Nikasema ng'ombe wa mama wamekuwa watu wa mji kabla yangu, na sasa wanatafuta kazi ya ukarani. Baraza likapasuka. Mzee mmoja wa Iramba aliyekuja mnadani alikuwa anajifuta machozi. Karani akamtafsiria Bwana Shauri, naye akacheka, alicheka kweli, akajipiga paja. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kwa muda ule mfupi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika mji ule.

Kisha Bwana Shauri akageuza karatasi, akauliza habari ya uchafu wa sokoni. Karani akaniashiria nikae. Nikakaa. Maneno matatu ya mama yalikuwa bado mdomoni, hata moja halijatoka peke yake bila kichekesho. Kati ya wanawake kule pembeni mama alikuwa ananitazama. Yeye hakucheka.

Nimejilaumu miaka mingi, na bado najilaumu, lakini lawama yangu si kubwa kiasi cha kuwafunika wote. Niliyoyasema yalikuwa ya kweli. Yalichekesha lakini yalikuwa ya kweli, kila mtu aliyasikia, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Wote pale walijua jiwe limekosewa. Kosa likapigiwa makofi likaachwa palepale lilipo, na mwezi uliofuata nikatumwa kulipaka chokaa upya.

Siku ya kubomoa nyapara alitutuma mimi na rafiki yangu, kwa sababu vibarua tulikuwa sisi. Ningeweza kukataa. Nilipiga hesabu ya kukataa tangu kwa nyapara mpaka mlangoni kwa mama, nikafika kabla hesabu haijaisha. Mama alikuwa ameshatoa kitanda na vyungu. Nikamsalimia shikamoo, akaitika. Nikainua sululu nipige nguzo ya kona, nimalize upesi.

"Usianzie hapo," akasema. "Paa litakuangukia. Anza na boriti ile ya katikati, kisha udongo, nguzo mwisho. Hiyo ya kona baba yako aliifukia mpaka kiunoni."

Akasimama pale mpaka mwisho, anatuelekeza. Hiki kwanza, kile baadaye, hiki kitunzeni kitafaa. Alilijua tembe lake kila mti, na alitusaidia kulibomoa ili mwanawe asivunjike shingo. Jua lilipofika utosini nusu ilikuwa chini, ile nusu ya mtu. Nusu ya ng'ombe ikabaki imesimama na paa lake, haina kosa lolote kwa sheria za mji. Mama akaingiza kitanda chake humo, akakiweka kati ya ndama na ukuta. Alilala hapo masika yote.

Tukarudi na sululu begani, mimi na rafiki yangu, vumbi la nyumbani kwetu limejaa kwenye nywele. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na cha kuchekesha. Tulipofika kwenye jiwe la saba akasimama. Nilidhani anataka tulipige teke. Akaliangalia, akaangalia kichaka, akaniambia:

"Siku ile niliiona kamba imepinda. Nikanyamaza, nikidhani umefanya makusudi, mama yako aingie mjini apate maji ya pampu. Nilikuonea wivu mwezi mzima."