Waliomhamisha Kaka

Muuza dawa alinifungulia chupa ya mafuta ya kuchua ninuse, na ile harufu ya karafuu na kafuri ikanirudisha barazani kwetu Bagamoyo, kaka yangu amenyoosha mguu, goti limevimba kama papai.

Kaka alikuwa nyota wa timu ya mpira wa kikapu ya mji wetu. Asubuhi ile mama alinituma tangawizi, nikawakuta mashabiki kwenye kahawa wakibishania timu anayohamia.

"Anakwenda Dar, mkataba nimeusoma mwenyewe," alisema mmoja, ambaye hata barua zake alisomewa na mwanawe.

"Muongo wewe. Anakwenda Unguja," akajibu mwenzake mwenye kitambi, mtu asiyewahi kudundisha mpira maishani mwake.

Nikawaamkia, kisha nikasema, "Kaka ameumia goti. Hata kusimama hawezi."

Wakanitazama kama inzi. "Wewe mtoto, mambo ya usajili unayajulia wapi?"

Wakaendelea kumhamisha. Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo ya njia tu, na hakuna aliyevuka kumpa pole. Kaka alipokosekana uwanjani mwezi mzima, walikubaliana kwamba ni msaliti, amekimbilia ukubwa Dar. Sauti zao zilifika mpaka barazani, na kaka akaniomba nimwingizie kiti ndani.