Amina ya Thelujini

Juzi, kwenye treni ya kwenda Lidcombe, nilimwona binti amepakata kamera ya zamani, ile ya filamu pana inayotazamiwa kwa juu. Alipoinamisha kichwa kuichungulia, nikajikuta nimefumba macho.

Baba alikuwa na kamera kama hiyo. Alasiri moja, mbali na nyumba yetu ya Toongabbie, alitupandisha milimani mpaka pasiposikika kitu ila theluji ikilia chini ya viatu. Koti langu la kuazima lilinuka dawa ya nondo. Baba alivua glavu, akaizungusha filamu polepole, maana kwenye baridi hukakamaa na kukatika.

"Imebaki picha moja," alituambia mimi na Mama. "Msitikisike."

Akainama juu ya kamera, kimya. Leo najua alikuwa akibana pumzi ili kioo kisipate ukungu. Lakini nyumbani kwetu, Baba akiinamisha kichwa na kunyamaza, ilikuwa ni sala. Nikafumba macho, nikasubiri. Sala ikawa ndefu, kamasi zikanichuruzika mpaka mdomoni.

Hatimaye Baba akasema, "Amina." Nikafumbua macho, na kamera ikalia.

Picha hiyo iko ukutani kwangu, macho yangu yakiwa wazi kabisa. Niliposhuka kwenye treni nilimpigia Baba simu, nikamwuliza kwa nini siku ile alisema amina.

"Nilikuwa nakuona kwenye kioo umefumba macho," akasema, "na vidole vyangu vinakufa ganzi. Sasa ningesema nini kingine?"