Maji ya Kupeleka Ulaya

Watu wa Mamboya humwita Vaileth Amon daktari wa maji, na kwa sababu hiyo kila akipanda kwao likizo hukuta akina mama wawili watatu wamekaa barazani na watoto wanaoharisha. Huwaeleza kwamba yeye si daktari wa namna hiyo. Wao humsikiliza kwa heshima mpaka amalize, kisha humwonyesha mtoto.

Huwezi kuwalaumu. Kazi yake haielezeki kirahisi hata mbele ya waliomsomesha. Mama yake, hadi anafariki, aliamini kwamba binti yake anaonja maji kujua kama yana chumvi. Ukweli ni kwamba maji, ambayo sisi wengine tunayaona ni yale yale, si yale yale. Ndani yake zimo chembe nzito kidogo na chembe nyepesi kidogo, ambazo wenye taaluma huziita isotopu, na uzito wao haubadiliki hata zikae ardhini miaka elfu. Wingu linalopanda mlima huanza kwa kutua mizigo mizito, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye akili. Kwa hiyo mvua ya kila mahali na kila majira ina mchanganyiko wake, na ukiyapima maji ya kisima vizuri unaweza kusema yalizaliwa na mvua ipi: ya hapa au ya mbali, ya juzi au ya zama ambazo hakuna aliyekuwapo wa kuzisimulia.

Haya aliyajua kwa juhudi zake na za mjomba wake. Kwa Wakaguru mjomba si ndugu wa kusalimiana tu. Mtoto ni wake kuliko wa baba. Mzee Yeremia, kaka wa mama yake na mzee wa kanisa, ndiye aliyemwandikisha shule, ndiye aliyemsindikiza kwa miguu hadi barabarani siku ya kwenda sekondari, sanduku kichwani, akikataa kupokewa. Kutoka hapo Vaileth alikwenda chuo Morogoro, na kutoka Morogoro akapelekwa Ulaya, kwenye nchi ambayo mvua ilinyesha kila siku bila mtu kuiomba. Alirudi na shahada ya uzamili na swali moja la uzamivu.

Swali lilikuwa hili. Chemchemi ya kijijini kwao, iliyowanywesha babu zake na wamisionari waliokuja kuwabatiza, inakunywa mvua gani? Kama ni mvua inayoanguka kwenye mteremko ulio juu yake, basi mteremko ukitunzwa chemchemi itadumu. Kama ni mvua ya kale iliyojificha chini ya miamba, basi kijiji kinachota akiba ambayo hakuna anayeirudishia, na hata mkipanda miti mpaka mbinguni, siku moja itakwisha. Kijiji kizima kilikuwa kinaning'inia kwenye jibu hilo, ingawa hakikuwa na habari.

Aliweka vyombo vitatu vya kukingia mvua. Cha Kidete kilichukuliwa na mto Mkondoa mwaka wa kwanza, pamoja na jiwe kililofungiwa. Cha Mikumi alikabidhiwa Samson, mlinzi wa nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara kuu, mtu mvivu na mkweli. Cha Mamboya kilisimama nyuma ya kanisa, chini ya uangalizi wa Mzee Yeremia.

Chombo chenyewe hakina miujiza: faneli, chupa kubwa, na ndani ya chupa mafuta kidogo ya duka la dawa. Mafuta huelea juu ya maji na kuyazuia yasikauke, maana maji yakikauka huondoka yale mepesi na kubaki yale mazito, na kipimo kinaharibika. Mwisho wa mwezi mtunzaji hupitisha bomba la sindano chini ya mafuta, huvuta maji, hujaza chupa ndogo hadi pomoni na kufunga, tayari kupelekwa Ulaya kupimwa. Hapo ndipo kazi ya mtunzaji inapoishia.

Mikumi, Vaileth alimfundisha Samson kama anavyofundishwa kuruta.

“Rudia nilichosema.”

“Dokta, mimi nimeishia la saba, lakini si bubu.”

“Rudia.”

Samson akarudia. Akarudishwa mwanzo. Akarudia tena huku akiita wapita njia washuhudie anavyonyanyaswa.

Mamboya ilikuwa tofauti. Mjomba alisikiliza mikono ikiwa mgongoni, akaitikia kila sentensi, na mwisho akasema, “Vema sana, mwanangu.” Mtu hawezi kumwambia mjomba wake, mzee aliyembeba mgongoni, “Haya, hebu rudia nilichokufundisha.” Huo ni mtihani, na mkubwa hapewi mtihani na mdogo. Na mkubwa naye haulizi, maana kuuliza ni kukiri kwamba mtoto amemzidi. Wakaagana kwa adabu kamili. Vyuo vya Ulaya vina vitabu vizima juu ya makosa ya vipimo, adabu haimo.

Miaka ikaenda. Chupa za Mikumi zilifika jinsi Samson alivyojisikia. Mara nyingine hazikuja kabisa, kwa sababu nyani walikuwa wamepindua chombo, na alipokaripiwa alijibu kwa simu, “Mvua ikinyesha nakinga, isiponyesha sikingi. Mimi si Mungu.” Vipimo vyake viliruka juu na chini, masika hivi, vuli vile, kama mvua yoyote duniani. Chupa za Mamboya zilikuja kila mwezi, zimejaa, zimefutwa vumbi, zimefungwa kwa kitambaa. Na vipimo vyake havikuruka. Vilitulia pale pale, masika na kiangazi, na pale pale palikuwa ndipo vilipo vipimo vya chemchemi yenyewe.

Data tulivu namna ile ingemshtua mtu yeyote isipokuwa yule aliyekuwa akiiombea. Hata miezi ambayo anga la Kilosa lilikuwa jeupe kama sahani, chupa ya Mamboya ilifika imejaa, na Vaileth akaandika kurasa kadhaa kuhusu ukungu wa milimani. Wasomi wenzake walizisifu sana kurasa za ukungu. Hitimisho likawa moja: mvua ya Mamboya na chemchemi ya Mamboya ni kitu kimoja, chemchemi inakunywa mvua ya mteremko wake. Akapata uzamivu, akapata uhadhiri, na makala yake ikasomwa na shirika moja lililokuwa likitafuta mteremko wa kuokoa.

Likauokoa. Wenye mashamba juu ya chemchemi waliambiwa wahame ili maji yapone, na miti ikapandwa palipokuwa na maharage. Miongoni mwao alikuwemo Kornelio, mtoto wa Mzee Yeremia mwenyewe. Hakugombana. Alisema kama dada yake Vaileth amepima, amepima, akashuka na mkewe hadi Mabwerebwere kukodi shamba la bondeni, ambako Mkondoa ilimtembelea masika ya kwanza na kuondoka na mpunga.

Miti ikastawi. Chemchemi ikapungua.

Ilipungua mwaka wa kwanza, watu wakasema ni ukame. Ikapungua mwaka uliofuata, mvua ikiwa tele. Vaileth alipanda kwenda kuangalia. Masika hayo mjomba alikuwa hospitali kwa ajili ya macho, kwa hiyo kwa mara ya kwanza Vaileth mwenyewe alipitisha bomba chini ya mafuta akavuta maji ya mvua. Majibu ya mashine yalimfanya aamini mashine imeharibika. Akapimisha upya. Akajishuku mwenyewe, jambo ambalo msomi hulifanya mwishoni. Mvua ya Mamboya haikufanana na chemchemi hata kwa kukisia. Hazikuwa na undugu kabisa.

Mjomba aliporudi, Vaileth alimkuta barazani akichambua choroko kwa vidole, jicho moja likiwa bado na bandeji.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko chuoni hawapiki?”

Wakazungumza habari za macho, za kanisa, za choroko. Kisha Vaileth akauliza, kama mtu anayeuliza jambo la kupita, yale maji ya mvua huwa anayatoaje kwenye chombo.

“Yale? Namwaga.”

“Unamwaga?”

“Sasa niyafanye nini? Yana mafuta juu, yanameremeta kama maji ya gereji. Niliona tangu mwezi wa kwanza, nikasema huyu mtoto ameuziwa chombo kibovu. Nikanyamaza nisikuvunje moyo.”

“Na kwenye chupa ndogo unatia nini, mjomba?”

“Maji safi!” Mzee akaacha choroko. “Ya chemchemi. Alfajiri, kabla ng'ombe wa wafugaji hawajatia kwato. Nayachuja kwa kitambaa cheupe. Chupa umeiandika Mamboya, inakwenda Ulaya, mimi nitie maji ya mafuta? Watatuonaje?” Akainama tena kwenye choroko, na kwa sauti ya mtu anayetaka sifa lakini ni mzee wa kanisa, akauliza, “Walisemaje huko? Waliyaonaje?”

“Waliyasifu, mjomba. Waliyasifu sana.”

“Nilijua.”

Kwa hiyo kwa miaka yote ile Vaileth alikuwa amepima chemchemi, akailinganisha na chemchemi, akagundua kwamba inafanana na chemchemi. Na kwa ugunduzi huo watu walikuwa wamehamishwa.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyeshuku, na wasomi walishaingia kwenye mambo mengine. Usiku hakulala, lakini hilo halikumsaidia mtu. Aliomba makala ifutwe. Makala ilikuwa imesomwa na watu wengi. Taarifa ya kufutwa kwake ilisomwa na mhariri. Chuo kikaunda kamati. Ofisa wa mradi, kijana mpole mwenye fulana yenye nembo, alimsikiliza hadi mwisho akasema, “Dokta, makala unaweza kuifuta. Mteremko tunaufutaje? Bango limeshasimama. Wafadhili wamepiga nalo picha.”

Ikabaki kijiji. Vaileth aliomba mkutano, na Kornelio akapanda kutoka Mabwerebwere akiwa na matope ya bondeni kwenye viatu. Vaileth alisimama mbele ya watu akawaeleza kwamba vipimo vilikosewa, kwamba chemchemi haikunywa mvua ya mteremko, kwamba huenda ni maji ya kale yanayokwisha, na kwamba waliohama walihama bure. Hakutaja vipimo vilikosewaje. Alisema kosa ni lake, kwa kuwa hakusimamia, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Hapo Mzee Yeremia, ambaye hakuna aliyekuwa amemweleza kitu, alielewa. Alisimama taratibu.

“Ni mimi,” alisema. “Mvua nilikuwa naimwaga. Nilimpa maji ya chemchemi. Mtoto hakujua.”

Kisha Mama Regina, mwenyekiti wa kamati ya maji, akainuka, na hakupaza sauti, jambo lililofanya maneno yake yawe mabaya zaidi.

“Mzee wetu, kaa chini. Tangu tunakufahamu hujawahi kusema uongo, na leo wanakuanzisha, uzeeni. Tunajua unampenda mtoto wa dada yako.” Akamgeukia Vaileth. “Na wewe, mwanangu, ungesema tu umekosea. Kumtuma mzee mgonjwa wa macho abebe mzigo wako, hilo hukufundishwa hapa.”

“Sijamtuma.”

“Basi amejituma. Na wewe umemwacha.”

Watu waliguna kukubali. Mzee Yeremia alisema tena ni yeye, akasema na jinsi alivyochuja, na kitambaa kilivyokuwa, na kila alivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kumhurumia. Mtu mmoja wa nyuma alisema, “Jamani, mpeni maji ya kunywa.” Hatimaye akakaa. Tangu siku ile hajasimama mbele ya watu, hata kanisani. Zamu yake ya kusoma neno imepewa Oswald, ambaye husoma haraka. Anapomwona Vaileth hugeuza lile jicho zima upande mwingine. Aliwaambia watu ukweli mara moja maishani mwake ulipokuwa na gharama, na hawakuutaka.

Aliyeamini ni Kornelio peke yake, kwa kuwa anamjua baba yake na usafi wake.

Baada ya mkutano alimkuta Vaileth chemchemini. Foleni ya ndoo ilipanda hadi njiani. Maji yalitoka kwenye bomba membamba kama uzi, na wanafunzi waliovaa sare walimpita Vaileth wakielekea nyumbani, kimya, pasipo shikamoo hata moja. Aliwaangalia mpaka wakapotea. Kwao mtu mzima asiyeamkiwa ni kichaa au amefiwa.

“Mteremko hawaurudishi,” Kornelio alisema.

“Hawaurudishi.”

“Na haya, ni maji ya kale kweli?”

“Sijui. Nilichonacho ni chupa za Samson na masika yangu moja. Kujua, inabidi kuanza upya. Mvua za miaka kadhaa.”

Kornelio aliitazama ndoo iliyokuwa ikijazwa. Mwenye ndoo alikuwa ameshakaa chini na kuanza kusuka ukili.

“Miaka kadhaa maji haya hayana,” alisema.

“Hayana.”

“Na wa kukingia mvua utampata wapi? Baba hashiki tena. Hapa kijijini hakuna atakayegusa kitu chako.”

Ni kweli Vaileth alikuwa ameuliza nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ilimkaribisha ndani, ikamtolea kiti, ikajibu kwamba ina shughuli nyingi.

Kornelio alibandua tope lililokauka kwenye kiatu chake kwa kijiti, polepole, kana kwamba ndiyo kazi iliyompandisha mlima.

“Pima tu, dada,” alisema mwishowe. “Hata maiti huwa wanampima, wajue kilichomwondoa.”

Basi la mwisho la kuelekea Kilosa lilikuwa karibu kupita, na Kornelio alikuwa na palizi bondeni. Akaaga, akashuka.