Mashauri kwa Anayehamia Mji wa Jangwani

Mdogo wangu alinipigia simu Jumatano, nikiwa bado na sare ya kazi, mikono inanuka sabuni ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya kuwaogesha. Hakuuliza hata hali yangu, mimi yaya, dada yake mkubwa.

"Yaya, bon, weye ulikalaga kule sept ans," alisema. "Dimanche mutoto anaaga. Tonton ataomba, alafu weye utamupatia mashauri mbele ya batu yote. Weye njo unajuwa ile fasi."

Mtoto anayesemwa ni binti yake, muuguzi wa miaka ishirini na nane, mwenye mume na mtoto wa mwaka mmoja. Mumewe amepata kazi ya kompyuta katika mji mmoja wa jangwani, ule wenye majumba marefu ya vioo, na yeye mwenyewe amepata nafasi katika hospitali ya huko. Mji sitautaja jina. Wanaoupenda ni wengi na wana mawakili. Mimi nina magoti mabovu tu.

Kwetu mtu haondoki hivi hivi kama amefukuzwa. Sisi watu wa Bukavu tulioangukia hapa Brussels bado tunaishika desturi hiyo: kabla ya safari ndefu ukoo unakaa, chakula kinapikwa, msafiri anawekwa kwenye kiti katikati ya watu, na wakubwa wanamsemesha mmoja mmoja. Ukikataa kusema, watu watauliza una nini moyoni. Ukisema neno la kutia hofu, umejimaliza.

Basi kuanzia Jumatano mpaka Jumapili sikuwa na shida nyingine duniani ila hiyo: nimwambie mtoto ukweli kuhusu miaka yangu saba, au niendelee na uongo niliouanza mwenyewe? Maana huo mji ameupenda kwa sababu yangu. Aliupenda akiwa mdogo, kwa kutazama picha zangu.

Hizo picha nizieleze. Huko nilikuwa mtumishi wa ndani, na siku yangu ya kupumzika ilikuwa alasiri ya Ijumaa moja kwa mwezi. Tulikuwa wanawake wanane tuliojuana, Waganda, Wakenya, Wakongo wawili na Mfilipino mmoja, na tulikutana katika jumba kubwa la maduka, mbele ya tangi la samaki refu kuliko kanisa la kwetu. Mmoja alikuwa na kamera ndogo. Mwingine alikuwa na mkoba mzuri aliotupiwa na bibi aliyemtumikia. Na tulikuwa na miwani ya jua jozi moja, sote wanane. Tulipokezana. Unavaa miwani, unashika mkoba, unaegemea kioo, unacheka, unavua, unampa mwenzako. Nina hakika mpaka leo kuna sebule Kampala, Kisumu na Bukavu zenye miwani ileile ukutani, kila sebule ikijisifu kwamba ni ya binti yao.

Zangu zilibandikwa sebuleni kwa mama. Binti wa mdogo wangu alijifunza kusoma chini ya picha hizo. Alipofika hapa na mama yake, wakimbizi, akiwa na miaka kumi na minne, walikuwa wamepoteza hata vyeti vya shule, lakini picha zangu walizibeba kwenye mfuko wa plastiki. Alinionyesha kwa furaha, na mimi nikazitazama nikasema ndiyo, maisha yalikuwa mazuri kule. Ningeweza kusema siku hiyo. Sikusema. Niliona aibu, na tangu hapo kila mwaka aibu hiyo ilizidi kunenepa.

Nikijiuliza sasa ninajua nini kuhusu mji ule, ninajua mengi, ila si yale ya vitabu vya wageni. Wageni wanaonywa juu ya joto. Joto nalo ni kweli, lakini kilichonitia kikohozi ni baridi, kwa sababu kila nyumba, kila duka na kila basi lina kiyoyozi kinachovuma kama kimekasirishwa, na mtumishi haruhusiwi kukigusa. Kizuri ni kununua sweta kabla ya miwani. Tena ujue hili: katika miezi ya kiangazi bomba la maji baridi linatoa maji ya kuunguza, kwa kuwa tangi liko juu ya paa na jua linalipika mchana kutwa. Wenyeji wanazima mtambo wa kuchemshia maji, ule ulio ndani ya bafu, yale maji yanatulia humo kivulini, kisha wanaoga kwa bomba la moto. Mimi hakuna aliyeniambia. Niliungua bega wiki ya kwanza.

Kutembea kwa miguu, sahau. Njia inaanza vizuri halafu inakufa mbele ya barabara ya magari kumi sambamba, na unabaki umesimama pale peke yako kama mjinga. Mchanga unaingia hata dirisha likifungwa. Unafagia asubuhi, unafagia mchana, na bibi anapitisha kidole juu ya meza kukuonyesha kwamba hujafagia. Miti ipo, na kila mti una mpira wake mwembamba wa maji uliozikwa miguuni pake, unanyweshwa kwa saa. Nilikuwa naionea miti ile wivu, nasema kweli. Ilikuwa ikiulizwa hali yake mara mbili kwa siku.

Na jambo lililonichukua muda mrefu kuliona ni kwamba mgeni hazeeki kule. Ruhusa yako ya kukaa imefungwa kwenye kazi yako. Nguvu zikiisha na ruhusa imeisha. Utakaa miaka ishirini, thelathini, utawalea watoto wao mpaka waoe, na siku moja utapandishwa ndege na sanduku lako. Wazee wageni unaweza kuwatafuta barabarani mpaka uchoke.

Mimi pasipoti yangu ilikaa miaka saba katika kabati la bibi, chini ya taulo za wageni, ikitoka siku za safari tu, mkononi mwake. Chumba changu kilikuwa kando ya jiko, hakina dirisha. Mji wenye jua kuliko miji yote niliyoiona, na mimi nililala humo gizani kama kiazi. Bibi hakunipiga. Watu wakisikia "mtumishi" wanangojea kipigo, na kisipokuja wanaona hadithi haina maana. Hakunipiga. Alisahau tu kwamba nasikia njaa, kwamba naumwa, kwamba mama yangu alifariki mwaka wa tano na nilitaka kwenda kumzika. Alinipa pole, akanipa na shuka za kupiga pasi.

Hapa Brussels nilifikaje, ukoo unaamini kazi ilinihamisha. Uongo huo nao ni wangu. Kila mwaka joto likizidi familia ile ilikuja Ulaya, na mimi nikiwa miongoni mwa mizigo, nikimbeba mtoto wao. Mwaka wa saba walichagua Brussels, hoteli ya karibu na mtaa wa maofisi ya Ulaya. Asubuhi ya tatu nilitumwa kununua mtindi wa mtoto. Niliununua, nikaurudisha, nikauacha kwa mtu wa mapokezi, kwa sababu mtoto hakuwa na kosa, halafu nikatoka tena. Nilitembea mpaka penye kituo cha metro cha Schuman. Hapo mwanamke mmoja mwenye vazi la wasafishaji alikuwa akigombana na mtu kwenye simu, kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Nilisimama mbele yake mpaka akakata simu. Nilimwambia sina pasipoti, sina koti, na sirudi. Akanitazama miguuni, nilikuwa na ndara, akasema, "Alors, twende." Nililala kwake miezi minane.

Hayo ndiyo mashauri niliyokuwa nayo tumboni Jumapili ile.

Nyumba ya mdogo wangu iko ghorofa ya nne, hatua chache kutoka uwanja wa Flagey, na tulijazana humo kama ishirini baada ya ibada. Kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo, fufu, samaki, na keki iliyochorwa mnara wa vioo kwa sukari ya buluu. Binti alikaa katikati, kitenge kipya, mtoto wake mapajani. Tonton, ambaye ni kaka wa marehemu baba yetu, aliomba kwa muda mrefu mpaka fufu ikapoa, kisha akasema, "Mutoto, kule usisahau Mungu, na usisahau maman yako." Watu wakaitika amina. Mume wa binti akatajwa, kazi ya binti ikatajwa, wakapigiwa makofi. Kisha mdogo wangu akasema zamu ni ya yaya, aliyetufungulia njia.

Aliyetufungulia njia. Nilisimama na magoti yangu.

"Mutoto," nikaanza, "zile photo ulikuwa unaangaliaka kwetu, njo niseme ukweli yake. Ile mji—"

"Yaya, pardon." Ilikuwa sauti ya mdogo wangu, ya chini, na alikuwa bado anatabasamu kwa ajili ya wageni. "Usimufungie mutoto njia."

Asiye wa kwetu huenda akaona ni neno dogo. Kumfungia mtu njia ni kazi ya mchawi. Na kila mtu mle ndani anajua mchawi wa safari za watoto huwa ni nani: ni shangazi, ni mama mkubwa, ni yule mwanamke wa ukoo asiyezaa. Mimi sikuzaa. Miaka ya kuzaa niliimalizia kwa bibi, nikimbeba wake. Niliona maman mmoja akimwondoa mjukuu wake karibu na mimi, polepole, kama anayemsogeza asimwagikiwe chai. Hilo liliniuma kuliko maneno ya mdogo wangu.

Basi nikarudi nyuma. Nikamweleza binti habari za bomba: kiangazi azime mtambo wa maji moto, aoge kwa maji ya humo. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. "Maji ya baridi kwa robinet ya moto!" Tonton alirudia mara tatu. Mtu fulani alinirekodi kwa simu. Nikakaa chini nikala keki, na nilijidharau kwa kila kijiko.

Wageni walipopungua, binti alinifuata jikoni. Nilikuwa naosha sufuria ya sombe. Akachukua kitambaa akaanza kukausha, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama mukubwa, ulikuwa unataka kusema nini?"

Nikamwambia. Sikugeuka, nilisema nikitazama sufuria. Miwani ya watu wanane, kabati la taulo, chumba kisicho na dirisha, maziko ya mama niliyoyakosa, mtindi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi siku hiyo nilimimina yote. Nilipomaliza, alikuwa analia wazi wazi, kitambaa usoni.

"Sept ans," alisema. "Na haukusema hata kwa maman. Pole, mama mukubwa. Pole sana." Alinikumbatia kwa nguvu, mgongo wangu ukilowa. Nikalia na mimi. Kwa mara ya kwanza tangu nivuke milango ya hoteli ile nilijisikia mtu mzima, mwenye habari zake kamili. Nilidhani atasema haendi. Nikiri pia kwamba nilitamani aseme haendi, aseme kwa sauti, mdogo wangu asikie.

Alijifuta macho, akatoa simu.

"Bon. Vile sasa unaniambia, niko na kitu. Nilikuwa naogopa kukuuliza, juu nilikuwa nawaza haujuwi hii mambo." Alinisogezea kioo cha simu. "Agence ya kule ilituma photo. Juu mimi na papa wa mutoto tutakuwa kwa kazi, donc tunahitaji muntu wa nyumba. Njo weye unaweza kunisaidia kuchagua."

Picha zilikuwa tatu. Wasichana watatu mbele ya ukuta mweupe, mikono imekunjwa mbele, vitambaa vyeupe kichwani, wakitabasamu kwa kuamrishwa. Chini yake umri, dini, uzito, lugha.

"Mimi napenda huyu wa kwanza, anaonekana mupole," alisema. "Lakini wa mwisho ni wa kwetu, wa Bukavu. Atasemaka na mutoto Kiswahili. Na usiogope, mama mukubwa, sisi hatutamufanyia vile. Atakuwa na chumba. Kila août, mwezi wa munane, tutakuya naye huku kwa maman."

Alikuwa anasema kweli, namjua. Amelelewa vizuri, ana huruma, machozi yangu yalikuwa hayajakauka begani mwake. Hasira iliyonipanda hapo sikujua niipeleke wapi: kwake, kwa mama yake, au kwa yule mwanamke aliyechekea kioo cha samaki kila mwezi kwa miaka saba. Mpaka leo haijapoa.

Nikazitazama picha vizuri, mikono ikiwa bado na povu. Wa kwanza alikuwa amezoea kuinamisha macho. Wa pili alikuwa anaumwa, nilimwona. Wa mwisho, yule wa Bukavu, alikuwa anaitazama kamera kama mtu anayehesabu milango ya nyumba. Yeye angeweza. Ukimfikisha mahali penye barabara ya kutembea kwa miguu, angeweza kutoka asirudi.

"Chukua huyu," nikamwambia. "Na mukikuya huku août, musimuache kule. Mukuye naye."

Alinibusu shavuni, akabonyeza picha ya yule msichana, akasema, "Merci, mama mukubwa."