Mashine Iliyojifunza Kwenda Kula Mchana

Saa moja na nusu asubuhi, antena juu ya paa imeshaligeukia jua, na mwanamke wa miaka hamsini na nne anavuta kiti mbele ya skrini mbili. Ya kushoto inaonyesha picha ya mawimbi ya redio yanayotoka kwenye jua. Ya kulia ni programu ya kompyuta, inayosoma picha hiyohiyo.

"Haya, tuone leo nani ataona wa kwanza," anasema, bila hata kuitupia jicho ile ya kulia.

Wenzake humwita Mama Mistari. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa kusaka mistari inayojitokeza kwenye picha jua linapolipuka, kuandika saa na ukubwa wake daftarini, kisha kupiga simu ya tahadhari. Mlipuko mkubwa huweza kuvuruga redio za ndege na mitambo ya kuongozea meli, kwa hiyo dakika tano za kuchelewa si mchezo.

Mwaka jana mkuu wa kituo hiki cha kuchunguza jua alileta programu ya kuitambua milipuko hiyo bila mtu. Ilifundishwa kwa madaftari yote ya Mama Mistari, arobaini na matatu. Katika miezi mitatu ya majaribio ilipatana na daftari lake karibu kila siku. Ndipo akakabidhiwa barua: mwisho wa mwezi ahamie stoo, akahesabu nyaya.

"Niliisoma mara mbili. Damu ilinichemka," anasema. "Yaani wanikamue kila ninachokijua, halafu nikahesabu nyaya?"

Akagoma kuondoka kwenye kiti. Mumewe, fundi cherehani, alimsihi asijitafutie ugomvi uzeeni.

"Nikamwambia, baba watoto, wewe shona. Huu ugomvi sikuutafuta, umenikuta kazini kwangu."

Wiki hiyohiyo, kwa hasira, hakutaka hata kwenda kula. Saa saba mchana, wakati ambao siku zote huwa kantini, akabaki pale pale. Ilipofika saa saba na dakika kumi na nane, mstari mnene ulikata picha yote. Akaitazama programu. Kimya. Akapiga simu mwenyewe, na marubani wakahamia masafa mengine ya redio.

Mhandisi wa kompyuta aliyeitengeneza programu hiyo alishinda siku mbili akitafuta kasoro. Alipoipata alikuja ameinamisha kichwa.

"Mama, kwenye madaftari yako hakuna mlipuko hata mmoja kati ya saa saba na saa nane."

"Si huwa nakula, mwanangu?"

"Basi ndiyo hivyo. Programu tuliipa na saa ya kila picha. Imejifunza kwamba muda huo jua halilipuki."

Mama Mistari hucheka mpaka machozi kila akikisimulia kisa hicho. Mkuu wa kituo hakucheka. Alidai kwamba madaftari ndiyo mabovu.

"Nikamkabili. Nikamwambia, mkuu, miaka kumi na tisa naomba mtu wa kunipokea nikale, na kila mwaka unaniambia bajeti haipo. Leo unanitupia mimi lawama? Siipokei!"

Barua imesimamishwa, haijafutwa. Kwa sasa anapitia picha za saa ya chakula za miaka yote hiyo, ambazo mtambo ulizihifadhi bila mtu kuzisoma. Amemaliza miaka sita na kukuta milipuko hamsini na mmoja. Kila anaoupata anampa mhandisi, naye anaifundisha programu upya.

Je, haoni kwamba anaziba kwa mikono yake pengo pekee linalomweka kazini? Swali hilo linamuudhi waziwazi.

"Najua ninachofanya. Kuna watu angani. Niwaache wapotee ili mimi nibaki na kiti? Thubutu!" Anaweka alama kwenye mstari mwingine, wa saa saba na dakika arobaini. "Lakini waandike kwamba hiyo mashine nimeisomesha mimi. Na kazi ya kuikagua wanipe kwa barua na cheo, si kwa kunionea huruma."

Na wasipompa?

"Nitamaliza miaka yote kumi na tisa, kisha orodha yangu nitaipeleka kwa wakubwa wa mkuu, kwa mkono wangu. Niwaulize swali moja tu: siku zote hizo, mimi nikiwa nakula, nani alikuwa analiangalia jua?"